Gari Lisilo na Dereva Halikosi Mwenyewe

Wajukuu zangu, mnaponiletea simu na kunionyesha gari la Phoenix, Marekani, linakata kona huku usukani ukizunguka peke yake, mkasubiri bibi ashike kifua na kuita jina la Mungu, mnajichosha bure. Chombo kinachojiendesha si kigeni hapa. Zamani, kabla Isikizya haijapewa ofisi za wilaya ya Uyui, mikokoteni ilikuwa ikipita jioni ikitoka mnadani, inavutwa na maksai wawili, mwenyewe amelala chali juu ya magunia, pombe imemshinda, mdomo wazi. Maksai walijua njia. Walijua korongo liko wapi, mwembe wa kugeukia ni upi na zizi lao ni lipi. Mke akisikia magurudumu yamesimama uani alitoka na koroboi, akawafungua maksai kwanza, mume baadaye.

Sasa, ikitokea maksai wale wamepita katikati ya shamba la mtu na kula mtama wake, wazee waliitana. Hakuna aliyewaita ng'ombe barazani. Hakuna aliyesema tungoje kwanza tujue ng'ombe alikuwa akiwaza nini. Wala mwenye mkokoteni hakupona kwa kusema alikuwa usingizini, maana usingizi wenyewe ulihesabiwa kosa la pili. Alilipa mtama, akaongeza kuku wa kuombea radhi, akachekwa msimu mzima, yakaisha. Ng'ombe haelemewi na nunduye, na deni la ng'ombe wako ndiyo nundu yako.

Hilo ndilo neno langu. Yaliyobaki ni mboga ya kuteremshia.

Nimeona vyombo vingi vikiingia mkoa huu wa Tabora, na kila kinapoingia kipya, tunarudia upuuzi uleule, kwa moyo mweupe kabisa. Kwanza tunakishangilia na kukikabidhi akili zetu zote. Kisha kikimwumiza mtu, tunatazama huku na huku kumtafuta aliye mdogo kuliko wote pale, tunamtwisha yeye, na mwenye mali anabaki nyuma ya pazia ananawa mikono. Sikasiriki tena. Nikikasirika nitakasirikia wangapi? Ila nataka safari hii mjue mapema jinsi jambo hili linavyopikwa, msije mkaletewa sahani tu.

Tarehe 18 Machi 2018, karibu saa nne usiku, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, mwanamke wa miaka 49 alikuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli. Gari la majaribio la kampuni ya Uber, linalojiendesha, likamgonga, akafa. Ndani ya gari alikuwamo mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na kutazama, na kuingilia kati gari likikosea. Wachunguzi wa serikali walipofungua kumbukumbu za gari wakakuta lilimwona yule mama sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Lilimwona! Ila halikumjua. Mara likasema ni gari, mara kitu kisichoeleweka, mara baiskeli, na kila lilipombadilisha jina lilisahau alikotoka, likaanza hesabu ya mwendo wake upya. Waliolitunga hawakuliwekea wazo kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na alama za kuvukia.

Nendeni mkasimame ukingoni mwa barabara ya Nzega siku ya gulio mlitafakari hilo. Anakuja mtu na baiskeli iliyopakiwa magunia ya mkaa hadi yeye mwenyewe haonekani, yaonekana miguu tu. Nyuma yake bodaboda imebeba kitanda kwa upana. Mama ana karai la maembe kichwani, mtoto mgongoni, na mkono mmoja unamvuta mwingine asiyetaka kwenda. Ng'ombe wanavuka kwa zamu yao, wala hawaombi ruhusa. Alama za kuvukia ziko wapi? Gari lile lingebadilisha majina mpaka jua likazama.

Lakini mboga yenyewe iko hapa. Kampuni ile ilikuwa ikiweka waangalizi wawili katika kila gari, ikapunguza ikabaki na mmoja. Gari lilitoka kiwandani Volvo likiwa na mfumo wake wa kufunga breki kwa dharura, nao ulizimwa kila kompyuta ya Uber iliposhika usukani. Ikaamuliwa tena kwamba kompyuta ikiona hatari ichelewe sekunde moja kabla ya kuchukua hatua, isije ikawa inashtukashtuka ovyo barabarani. Maamuzi yote hayo yalifanywa mchana, na watu wenye akili zao. Na mwisho wake? Mwaka 2019 mwendesha mashtaka akasema haoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mwaka 2020 akashtakiwa yule mwangalizi, na mwaka 2023 akakiri kosa la kuhatarisha maisha, akafungwa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Alikuwa akitazama kipindi kwenye simu.

Simtetei. Alipaswa kutazama barabara. Lakini semeni kweli, nani kati yenu anaweza kukaa usiku baada ya usiku akitazama kazi inayojifanya yenyewe, asiguse simu? Macho yameumbwa yatangetange. Aliyeiweka kazi ile juu ya macho ya mtu mmoja alilijua hilo, au alipaswa kulijua. Mwajiri anayemwajiri binadamu na kumdai umalaika anajiandalia mtu wa kumtupia lawama, basi.

Huyo mwangalizi sisi tunamfahamu vizuri. Kwetu huitwa deiwaka. Basi lina tajiri wake, na dereva wake mwenye mkataba, tena labda. Siku dereva amechoka, anakaa deiwaka, asiye na karatasi yoyote, anayelipwa jioni kutokana na kinachobaki baada ya hesabu ya bosi. Hesabu ni lazima, mvua inyeshe, tairi ipasuke. Basi likipinduka, redio inatangaza kwamba dereva ametoroka na anatafutwa. Nimeisikia habari hiyo tangu nikiwa msichana, na sijasikia hata mara moja wakitangaza kwamba hesabu inatafutwa.

Wala abiria hatumo kando. Serikali kupitia LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, imeagiza mabasi yafungwe vifaa vya VTS vinavyofuatilia mwendo, ili ijulikane nani amepita kilomita 80 kwa saa. Ni jambo jema. Ila wako madereva waliokwisha kujifunza kuvichezea visiseme, na walipokuwa wakivichezea, ndani ya basi tulikuwa tunapiga kelele gani? "Kanyaga mafuta, dereva, tunalala njiani!" Dereva wa basi linalokuja mbele anawasha taa kumwonya mwenzake kwamba kuna tochi ya trafiki, na wote ndani tunashukuru. Kwenye Noah za vijijini, konda anasema "Chuchumaeni, trafiki huyo!" nasi, wazee kwa vijana, pamoja na mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, tunachuchumaa tukivunga kama kuku wanaoatamia. Hao ndio sisi. Mashine yoyote inayokuja itatukuta hivyo hivyo, na anayetunga sheria akidhani atatukuta tumekuwa watu wengine anajidanganya.

Msinielewe vibaya kwamba nayapiga vita magari hayo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu wapatao milioni 1.19 waliokufa barabarani duniani mwaka 2021, na bara letu, lenye magari machache, ndilo linalozika wengi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Kompyuta hailewi. Haisinzii saa kumi alfajiri baada ya kutoka Dar es Salaam, haina ugomvi wa nyumbani, haishindani na basi la kampuni nyingine kugombea abiria wa Nzega. Siku itakapopatikana inayotujua na mkaa wetu na ng'ombe wetu, ikawa inaua wachache kuliko tunavyouana wenyewe, nitakuwa wa kwanza kupanda, kama miguu bado itapanda ngazi. Ila kuua wachache si kutoua. Wale wachache nao wana mama zao, na matanga yao yanahitaji mtu wa kuja kusimama mbele na kusema, "Ni mimi."

Wasomi nao wamejishughulisha na swali jingine, na hili limenichekesha mpaka nikatoa machozi. Gari likishindwa kusimama, limgonge nani, limwache nani? Watafiti wa Chuo Kikuu cha MIT huko Marekani waliwauliza watu kwa mtandao, wakakusanya majibu karibu milioni 40 kutoka nchi na maeneo 233, wakachapisha matokeo Oktoba 2018. Swali liliulizwa kwa lugha kumi, Kiswahili hakimo. Watu walitaka wengi waokolewe kabla ya wachache, binadamu kabla ya wanyama, watoto kabla ya wazee. Katika orodha yao, bibi kizee na babu kizee wamewekwa karibu na mkia, jirani na mbwa na mhalifu. Nimeipokea nafasi yangu. Mbwa ni jirani mwema.

Wajerumani walikuwa wameliona hilo mapema. Tume yao ya maadili, mwaka 2017, ilisema ajali ikiwa haiepukiki ni marufuku gari kumchagua mtu kwa umri wake, jinsia yake wala hali ya mwili wake. Wamenena kama watu waliolelewa na bibi. Lakini hata bila Wajerumani, swali lenyewe lilinipa mashaka tangu mwanzo, kwa sababu linaanza hadithi kwenye sekunde ya mwisho, wakati breki zimekwisha kukatika. Nani alizikagua asubuhi? Juni 24, 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikaanza kurudi nyuma, breki zikakataa, ikaenda ikiongeza kasi hadi ikagonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Wengi wa watu wa Reli ya Kati, kuanzia hapa hadi Kigoma, wanaikumbuka siku hiyo. Katika mabehewa yale hapakuwa na mtu wa kuchagua nani afe. Uchaguzi wowote uliowezekana ulikuwa wa nyuma zaidi, kwenye karakana na kwenye meza za ukaguzi, na huko ndiko maadili ya chombo yanakokaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo huwa wa kaburi.

Sasa niwaambie habari ya mzigo, kwa kuwa sisi wa Unyanyembe tunajua mizigo. Babu zetu walibeba frasila mbili, kama kilo 32, begani, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, miezi mitatu hivi ya kutembea: pembe za ndovu kwenda, nguo na shanga kurudi. Nendeni Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone, mtasimuliwa habari zake na za Stanley kwa majina na tarehe. Majina ya waliobeba masanduku yao mtayatafuta kwa tochi.

Basi na gari linalojiendesha nalo lina wapagazi wake, na wako karibu kuliko mnavyodhani. Gari halizaliwi likijua kwamba hiki ni mti na huyu ni mtu. Lazima binadamu aketi atazame picha moja baada ya nyingine, achore mstari kuzunguka kila mtu, kila gari, kila nguzo ya taa, mpaka mashine izoee. Kazi hiyo imefanywa na vijana wa Afrika Mashariki: kampuni ya Sama imekuwa nao Nairobi na Gulu, na taarifa za mwaka 2018 zilitaja malipo ya dola 9 hivi kwa siku. Wengine walifanyia nyumbani kupitia mtandao wa Remotasks, mpaka Machi 2024 walipopata barua pepe kwamba huduma imefungwa Kenya. Mtoto wa Kibera amelifundisha gari kuona njia za Marekani ambazo mguu wake haujawahi kuzikanyaga, na gari hilo likija kwetu halitamjua mama mwenye karai, kwa sababu picha yake hakuna aliyelipwa kuichora.

Na madereva je? Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara mikubwa ilikuwa imefika mwisho wake. Hakuna aliyewaketisha wapagazi akawaambia kitakachofuata. Mabega yaleyale yakaenda kuvuna mkonge Tanga na Morogoro, tukayaita manamba. Reli ilikuwa nzuri, sisemi turudi kubeba pembe. Ila waliopata faida ya reli na waliopoteza kazi kwa ajili ya reli hawakuwa watu wamoja, na hapakuwa na kapu la kuchangia wa pili kutoka kwa wa kwanza. Leo barabara ya Isaka kwenda Rwanda na Burundi imejaa malori, na nyuma ya kila lori yuko dereva, utingo, mama lishe wa kituoni na fundi wa tairi. Kapu lisukwe sasa hivi, wakati mikono bado haina haraka.

Mtasema, bibi, hayo magari hayatafika Isikizya leo wala kesho. Yamekwisha kufika, yanaingia kidogokidogo kwa mlango wa mitumba. Gari la Kijapani analonunua kijana wetu lina kamera kwenye kioo cha mbele na breki inayojishika yenyewe. Kila asubuhi akiliwasha, mwanamke mmoja wa ndani ya redio anamwambia neno kwa Kijapani. Kijana anamwitikia "Asante, dada," wanaondoka. Wanaojua wanasema anamkumbusha kuingiza kadi ya kulipia barabara za Japani. Siku nyingine labda anamwambia breki zina hitilafu. Ataitikiwa asante vilevile. Kioo kikipasuka, tunaweka kingine cha bei poa, na kamera inabandikwa palipo na nafasi. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, fundi anatoa balbu yake, taa inazima, tunamlipa na soda juu. Mbuzi kwenye gunia huyo, na tunamlisha kabla ya kulifungua.

Wenzetu wameanza kuamua, nasi tuchote kinachofaa. Uingereza mwaka 2024 imetunga sheria kwamba gari lililoidhinishwa likiwa linajiendesha lenyewe, aliyekaa kitini hashtakiwi kwa namna lilivyokwenda. Kampuni iliyoliombea idhini ndiyo inayojibu. Huko Florida, Agosti 2025, baraza la wazee wa mahakama liliamua kesi ya gari la Tesla lililokuwa likijiongoza wakati dereva ameinama kutafuta simu iliyomdondoka, na msichana wa miaka 22 akafa. Wakagawa kosa: sehemu 67 kwa mia kwa dereva, 33 kwa kampuni, nayo ikatakiwa kulipa zaidi ya dola milioni 240. Kampuni ikasema itakata rufaa, haki yake. Ila ule ugawaji nimeupenda. Umekwenda kama barazani kwetu: aliyesinzia ana fungu lake, na aliyemwambia alale tu, ng'ombe wanajua njia, ana fungu lake pia.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mtakaokuja kukaa kwenye halmashauri, bungeni, TBS na LATRA, sitawapa mengi. Chombo chochote kisiruhusiwe kwanza ndipo tutafute baadaye nani anakijibia. Kumbukumbu zake zikae mahali ambapo mjane anaweza kuzifikia bila kupiga magoti kwa kampuni. Bima yake ilipe kabla ya arobaini, kesi ya nani kakosea iendelee huko mahakamani kwa mwendo wake. Kijaribiwe kwenye barabara yenye mkaa na ng'ombe, si uwanjani kwa waheshimiwa. Na mkishatunga sheria, mjue kuna watu watachuchumaa ili ipite juu ya vichwa vyao. Wasameheni, kisha muitunge inayowaona hata waliochuchumaa.

Mimi nina ombi moja dogo. Malori yetu huandikwa mlangoni jina la mwenyewe, na sanduku lake la posta, na mji wake, kwa rangi isiyofutika kwa mvua. Magari yasiyo na dereva nayo yaandikwe hivyo, kwa herufi kubwa, hata kama mwenyewe anakaa California. Sisi tutajua pa kupeleka hodi.